Anwani ya Betri Iliyoibwa

Katika chumba cha simu za dharura watu wote walimwita Bi Mkubwa, hata mkuu wa kituo aliyemzidi umri. Alikuwa amekikalia kiti kile miaka ishirini na miwili, visikizi masikioni, mkono wa kushoto juu ya kitufe cha redio, wa kulia kwenye kibodi. Wa kushoto haukubanduka pale, maana bila kitufe kile askari wa doria hawamsikii. Kwa hiyo kazi yote ya kibodi ilikuwa ya mkono wa kulia. Anwani aliitoa kwenye fomu ya simu na kuipeleka kwenye dirisha la doria kwa vitufe vya zamani vilivyo upande huo huo: Kontroli na Insert kunakili, Shifti na Insert kubandika. Wenzake walitumia C na V.

"Hizo ni za watu wenye mikono miwili," aliwaambia, nao wakacheka.

Jumatatu hiyo programu ilikuwa mpya. Maelezo yake yalikuwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani, na haikusema lolote kuhusu vitufe.

Saa tatu asubuhi Bi Mkubwa alikwenda msalani. Mwenzake wa meza ya pili akakaa kwenye kiti chake, akapokea simu kwenye mashine ya Bi Mkubwa: mzee mmoja analalamika betri ya gari lake imeibwa. Akaandika anwani, akanakili kwa C, akabandika kwa V, akarudi mezani kwake.

Bi Mkubwa alipokaa tu, simu ikalia.

"Nisaidieni. Mume wangu anavunja mlango." Sauti ilikuwa ya kunong'ona.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Chooni. Nimejifungia. Ana nyundo."

"Nyumba ipi?"

"Barabara ya Kiwandani, namba kumi na nne, ghorofa ya pili. Ni hapo hapo ninaposhonea nguo. Kuna kibao cha fundi cherehani mlangoni."

Bi Mkubwa aliandika, akanakili, akabandika, akabonyeza kitufe cha redio. "Gari la tatu, anwani iko kwenye skrini yenu. Mwanamke kajifungia chooni, mume ana nyundo. Kimbieni!"

"Tumeiona. Tunakwenda."

Hakutazama dirisha la doria. Masikio na macho yake yote yalikuwa kule chooni.

"Wanakuja," alimwambia yule mshonaji. "Usikate simu. Kaa mbali na mlango."

"Pa kukaa hakuna, mama. Ni choo kidogo."

Nyundo ilipiga mbao. Mwanamume alikuwa akitukana, kisha akaacha kutukana, akawa anapiga tu na kuhema. "Leo hutoki," alisema. "Nakwambia leo hutoki mzima." Mlango ulipasuka dakika ya sita. Mshonaji alipiga ukelele mmoja, simu ikaanguka chini, na Bi Mkubwa akasikia kitu kizito kikigonga kitu kisicho kigumu. Akasikia tena. Na tena. Alijikuta anahesabu. Alipofika saba alibonyeza kitufe cha redio.

"Gari la tatu, mko wapi?"

"Ndiyo tumefika, Bi Mkubwa. Kuna mzee hapa anatuuliza kama tumeipata betri yake."

Akatazama dirisha la doria. Lilikuwa na anwani ya mzee. Alibonyeza Kontroli na Insert mara nne, tano, hakikunakiliwa kitu. Aliitaja anwani ya mshonaji redioni kwa sauti iliyowasimamisha wenzake wote, lakini gari lilikuwa upande wa pili wa mji, na hakukuwa na doria nyingine karibu.

Majirani walikuwa wamekwisha kumwita kaka wa mshonaji, mchomeleaji vyuma mwenye karakana nyuma ya barabara ile. Bi Mkubwa alimsikia akipanda ngazi, kisha akasikia sauti yake, ya chini kabisa:

"Shemeji, geuka."

"Acha!" Bi Mkubwa alipiga kelele kwenye simu. "Polisi wako njiani! Usimguse, acha!" Simu ilikuwa sakafuni na hakuna aliyemsikia. Chuma kilipiga. Mwanamume aliomba, akaomba, halafu hakuomba tena, na chuma kiliendelea.

Askari walipofika walimkuta mume ameshakufa, kichwa chake hakitazamiki. Mchomeleaji alikuwa ameketi kwenye damu, amempakata dada yake. Jicho la kushoto la dada yake lilikuwa limepasuka na taya limehama mahali pake. Walimfungua mchomeleaji vidole kimoja kimoja ili aachie nondo ya chuma aliyompigia shemeji yake, wakamtia pingu.

Kesho yake alikuja fundi aliyeitengeneza ile programu, mtu wa makamo, mpole, mkoba begani. Aliketi kwenye kiti cha Bi Mkubwa, akachunguza, akatikisa kichwa.

"Nimeliona tatizo, mama. Tuliondoa kunakili kwa Insert. Kubandika kumebaki kwa bahati mbaya, nako kulitakiwa kuondoka. Ndiyo maana ilibandika kilichotangulia."

"Kwa nini mliondoa?"

"Ni vitufe vya zamani sana. Tulipima matumizi vituo vyote, tukamwona mtu mmoja tu anavitumia." Akatabasamu, kama mtu anayetaka kusamehewa jambo dogo. "Tukasema huyo atazoea."

Bi Mkubwa alinyanyua kibodi, akaichomoa waya, akampiga nayo usoni. Pua ilivunjika kwa mlio uliosikika hadi mlangoni. Alimpiga tena, vitufe vikatawanyika sakafuni. Fundi alipoinama kujikinga, akamkamata ukosi, akamvalisha visikizi vyake, akavikandamiza kwa mikono yote miwili, kisha akamwambia mwenzake wa meza ya pili, "Washa rekodi ya jana."

Mwenzake aliiwasha.

"Inatosha, mama," fundi alisema dakika ya sita, damu ikimchuruzika mdomoni. "Inatosha, nakuomba."

"Mapigo hayajafika saba."

Mkuu wa kituo alisimama mlangoni akaona yote. Hakumgusa hadi rekodi ilipokwisha na fundi kutapikia miguu yake mwenyewe. Ndipo akamshika Bi Mkubwa bega, akamwambia arudi nyumbani asije tena.

Fundi hakumshtaki. Alisema alijigonga. Vitufe vilirudishwa baada ya siku tatu, vyote viwili. Kesi ya mchomeleaji ilipofika mahakamani fundi alikwenda bila kuitwa na wakili, akasimama na pua iliyopinda, akasema, "Polisi walichelewa kwa sababu yangu. Wangefika mapema, huyu bwana asingemkuta shemeji yake pale." Hakimu aliandika maneno yake. Mchomeleaji alipata miaka sita. Watu walisema amepunguziwa. Yeye alimtafuta dada yake kwa macho, akashushwa kizimbani.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa benchi la nyuma. Nje, kwenye ujia, mshonaji alimjia, jicho moja limefunikwa kitambaa, taya likiwa bado halijanyooka.

"Wewe ndiye wa simu?" aliuliza. Maneno yalitoka kwa shida. "Sauti yako naijua."

"Ni mimi, mwanangu."

Mshonaji alimzaba kofi. Akamzaba la pili, kwa mkono uliokuwa na nguvu zaidi, hata askari wa mlangoni akaanza kuja. Bi Mkubwa alimwashiria abaki alipo. Shavu lilimwaka, naye hakulishika.

La tatu halikufika. Mkono wa mshonaji ulishuka katikati ya njia, akamkamata Bi Mkubwa nguo kifuani.

"Nishike," alisema. "Nishike, naanguka."

Bi Mkubwa akamshika.