Barua ya Mazoezi

Mimi si mtu wa kubembeleza, na darasani ndiyo kabisa. Kila Jumamosi alasiri nawafundisha watu wazima sita Kiingereza cha juu kwenye paa la jengo letu hapa Kware, katikati ya nguo zilizoanikwa. Vitabu vya kiwango chao ni ghali, kwa hiyo kila mmoja huleta maandishi yake, tukayasoma na kuyanyoosha.

Wiki iliyopita, wenzake walipokwisha kuteremka, mwanafunzi wangu Makokha, keateka anayelitunza jengo hili, alinionyesha barua aliyosema ameibuni: mwenye nyumba anawaamuru wapangaji wahame ndani ya siku thelathini, jengo libomolewe. Ilikuwa ovyo. Niliipunguza maneno, nikaitia makali.

"Siku thelathini ni za mtu anayeomba," nilimfokea. "Andika saba."

Leo nimeikuta imebandikwa kila mlango, wangu pia, ikiwa na mhuri. Kila nukta ni yangu.

"Ulinidanganya!" nilimrukia Makokha pale paani.

"Mdosi mwenye jengo ndiye alinituma, Ticha," akasema huku akitazama chini. "Ameipenda sana."

Punde wanafunzi wenzake wakapanda, kila mmoja na karatasi aliyoibandua mlangoni kwake. Hikma, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, aliisoma kwa sauti, mtoto mgongoni, hadi mwisho bila kukwama. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeomba kamusi.

"Ticha," Hikma akaniuliza, "binadamu gani huyu ameandika siku saba?"

Makokha akainua macho, akanitazama, akangoja nijibu.