Makofi ya Mara ya Tatu

Mwalimu wa udereva hakuwa mtu wa subira, na kazi yake haikumsaidia kuipata. Miaka nenda miaka rudi alikaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya pili ya mwalimu, akiwatazama watu wazima wenye akili zao wakikata kona kushoto huku wameonyesha taa ya kulia. Kazi hiyo ilikuwa imemwachia ulimi mkali na shingo ngumu. Mwanafunzi akikosea aliambiwa papo hapo, tena kwa sauti ambayo hata wenye baiskeli waliisikia. "Ukimnyamazia dereva," alipenda kusema, "umemsaidia kuua mtu."

Jumapili moja bwana mmoja mwenye duka la vioo alikuwa ameunguza klachi mlimani, kwa kuikanyaga kana kwamba ameona nge. Gari likavutwa kwa kamba, masomo ya alasiri yakafutwa, na mwalimu akajikuta hana la kufanya. Akaamua kwenda kumsikiliza baba yake.

Baba yake aliitwa Nyuzi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa ndugu wachache waliokuwa hai. Alipiga gitaa la bluzi, muziki ule wa mtu kuimba shida yake mstari mmoja, kisha gitaa likamjibu mstari wa pili kana kwamba nalo lina shida zake. Kila Jumapili alasiri alipiga katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Kiwanda kilikwisha kufa, ukumbi ukabaki, na mashabiki wake wakabaki nao. Walijiita Masikio, na walikuwa na fulana zilizoandikwa hivyo kifuani. Mwenyekiti wao alikuwa muuza nyama mmoja mrefu ambaye mwalimu alimwita baba mdogo tangu utotoni. Ndiye aliyempitia mzee kwa pikapu yake kila Jumapili na kumrudisha jioni.

Mwalimu aliwashukuru watu wale kuliko walivyojua. Nyumbani, mzee alikuwa ameanza kupotea. Alibandika birika tupu jikoni akaliacha hadi likageuka jeusi. Alivaa shati juu ya shati. Kuna siku alimwita mwalimu, binti yake, kwa jina la shangazi yake, tena kwa upole, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Lakini kila Jumapili jioni mwalimu alimuuliza muuza nyama, "Vipi leo?" na muuza nyama akajibu, "Moto! Hakuna aliyekaa!" Basi akaenda kulala akiwa na amani ya wiki moja. Angalau palikuwa na mahali ambapo baba yake bado alikuwa mzima, na mahali hapo ndipo palipomfanya aweze kuvumilia jikoni.

Aliingia kimya akaketi nyuma, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Masikio walikuwa wamejaa. Vichwa vyeupe, vipara, vilemba, na muuguzi mstaafu ambaye alikuja na mto wake wa kukalia. Mzee Nyuzi aliketi mbele, goti moja limeinuka, mpiga besi kulia kwake na mpiga ngoma nyuma. Alipogusa nyuzi za kwanza mwalimu alihisi nywele za mikono zikimsimama. Mkono ule uliosahau birika haukusahau kitu hapa. Ulijua pa kubana, pa kuachia, na pa kunyamaza kidogo mpaka watu waanze kuguna wenyewe.

"Hii," alisema mzee, "niliitunga mwenye nyumba aliponifungia nje na suruali yangu ikiwa ndani." Watu wakacheka. Akapiga:

*Nimebisha mbele, mbele kumefungwa,*
*Nabisha nyuma, nyuma kuna mbwa.*

Makofi yakapasua ukumbi, na mwalimu aliyapiga mpaka viganja vikawaka. Ulifuata wimbo mwingine, wa taratibu. Kisha mzee akapangusa jasho, akatabasamu na kusema, "Hii niliitunga mwenye nyumba aliponifungia nje na suruali yangu ikiwa ndani."

Wakacheka tena, palepale walipocheka mwanzo.

Mwalimu alidhani ni mzaha wa jukwaani. Akangoja uishe. Lakini mwenye nyumba akafunga mlango, mbwa akatokea nyuma, mstari kwa mstari. Ndipo akamwona mpiga besi akishusha mkono nyuma ya kiuno na kuwaonyesha Masikio vidole viwili, upesi, kama mtu anayejikuna. Wimbo ulipoisha makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Wengine walisimama. Muuguzi alipiga vigelegele.

Hapo mwalimu akaelewa. Walikuwa na ishara. Jambo hili lilikuwa na utaratibu wake, na watu hawaweki utaratibu kwa kitu kilichoanza jana. Damu ikampanda kichwani.

Wakati wa mapumziko alimkuta muuza nyama kwenye meza ya soda, akamshika fulana pale palipoandikwa Masikio.

"Tangu lini?"

"Mwanangu! Mbona hukusema unakuja?"

"Baba mdogo, nimekuuliza. Tangu lini?"

Muuza nyama aliweka chupa chini. "Tangu mvua za mwaka jana. Mwanzo ilikuwa mara moja moja."

"Na kila Jumapili unasimama mlangoni kwangu unaniambia moto!"

"Ulitaka nikwambie nini? Wewe hukumwona siku ile ya kwanza. Alianza kurudia, mtu mmoja akaguna tu, na mzee akatazama gitaa kama hajui limefikaje mikononi mwake. Tukasema basi, yasitokee tena. Tukimpigia makofi, anaendelea. Kuna ubaya gani?"

"Mmemfanya mwanasesere."

"Tunampenda."

"Mnajipenda! Mnapenda Jumapili zenu na fulana zenu. Ningewapenda wanafunzi wangu hivyo, nusu ya mji ingekuwa makaburini."

"Huyu si mwanafunzi wako," muuza nyama alisema, na sasa naye alikuwa amekasirika, mishipa ya shingo imemtoka. "Ni rafiki yangu. Ukimtoa pale jukwaani umemzika. Je, unalitaka hilo?"

Mwalimu aliiachia fulana. Alirudi ukumbini, akapita viti vyote vya nyuma, akaenda kuketi mstari wa mbele. Kila aliyemsogelea kumsalimia, "Binti Nyuzi, habari za siku?", alimtazama mpaka salamu ikamfia mdomoni. Aliwachukia wote kwa wakati mmoja, na zaidi aliyachukia makofi yake mwenyewe, yale aliyoyapiga kwa moyo wote dakika chache zilizopita bila kujua yanatumika wapi.

Nusu ya pili ilianza vizuri. Nyimbo mbili zilipita. Kisha mzee akapangusa jasho, akatabasamu.

"Hii niliitunga mwenye nyumba aliponifungia nje..."

"Baba, umeshaipiga hiyo!"

Ukumbi ukaruka kama sufuria ya mafuta iliyotiwa maji. "Kaa chini wewe!" "Huyo ni baba yako, huna haya?" "Mtoeni nje!" Muuguzi mstaafu alisimama na mto wake mkononi kana kwamba atampiga nao. Mwalimu akasimama pia, akawageukia. "Mtamtoa nani? Masikio gani ninyi yasiyosikia wimbo mmoja ukipigwa mara tatu?"

Mzee Nyuzi aliweka kiganja juu ya nyuzi, sauti ikakatika. Watu nao wakanyamaza.

"Mama," alimwambia bintiye, kama alivyomwita tangu akiwa mdogo, "umesema nini?"

"Umeshaupiga wimbo huo, baba. Mara mbili. Hii ni ya tatu."

Mzee alimtafuta muuza nyama kwa macho mpaka akampata, amejibanza karibu na nguzo. "Mwenzangu. Ni kweli?"

Muuza nyama alikuwa mtu wa kukata fupa kwa pigo moja. Sasa alishindwa kuinua uso. "Kweli," alisema.

"Na leo ndiyo mara ya kwanza?"

Muuza nyama alitikisa kichwa.

"Ahaa," alisema mzee. Alipoendelea, sauti yake haikuwa ya mtu aliyepotea hata kidogo. "Mnaikumbuka siku niliyokuja hapa nimelewa nikapiga ovyo? Mlinifanya nini?"

"Tulikuzomea," alisema muuza nyama.

"Mlinizomea mpaka nikatokea dirisha la jikoni! Nikajifungia nyumbani nawatukana, na gitaa liko mkononi asubuhi mpaka usiku, mpaka nikawa na la kuwaletea. Niliporudi mlinipigia makofi, nikalia, kwa sababu nilijua hamgawi bure. Hilo ndilo lililonileta hapa miaka yote hii. Sasa mnanipigia makofi kama mtoto aliyemaliza uji! Tangu lini? Nitajuaje sasa ni lipi lilikuwa langu na lipi la huruma? Mmeniharibia hata yale mazuri!"

Mwalimu alihisi kifua kikimpanda kwa ushindi, ushindi wenye uchungu lakini ushindi hata hivyo. "Waambie, baba," alisema. "Waambie hao!"

Mzee akamgeukia taratibu.

"Nawe, mama. Wewe ndiye msema kweli humu ndani."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini nabebwa na pikapu inayonuka damu ya ng'ombe, na mimi nina gari? Gari langu liko wapi?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Alilitoa kila asubuhi huku akikoroga chai, bila hata kuinua macho: spea hazijafika, baba, fundi anasema wiki ijayo. Alilitoa hata leo. Gari lenyewe lilikwenda zamani. Siku moja mzee alikutwa ndani yake mbele ya geti la watu asiowajua, mji mwingine kabisa, akiwapigia honi wamfungulie kwake. Mwalimu alichukua ufunguo siku ileile, na wiki iliyofuata akaliuza. Hakuwa na nguvu ya kumwambia. Kisha ikawa rahisi kutomwambia.

"Spea..." alianza, akasikia sauti yake mwenyewe.

Alitazama pembeni. Masikio wote walikuwa wakitazama miguu yao. Bila shaka mzee aliliuliza swali hilo kila Jumapili ndani ya pikapu, na muuza nyama naye alimjibu kuhusu spea, ili uongo wa binti usiumbuke.

"Nimeliuza, baba."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Na kila nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

Mzee alimtazama kwa jicho ambalo binti hakuwa ameliona tangu alipokuwa msichana na kuvunja gitaa la mtu. Kisha akawageukia mashabiki wake.

"Mzomeeni."

Hakuna aliyefungua mdomo.

"Mzomeeni, nimesema! Au na hiyo nayo mmesahau?"

Aliyeanza ni muuza nyama, kwa sauti iliyopasuka, machozi yakimshuka. Akafuata muuguzi, kisha mpiga ngoma, kisha ukumbi wote, mazomeo mazito ya watu wazima wenye vifua vipana. Mwalimu angeweza kukaa chini, lakini alisimama akayapokea yote. Yalimuuma, naye aliona ni haki yake, na hayakupunguza hasira yake kwao hata chembe.

Katikati ya kelele hizo mzee aliinama, akashika gitaa, na akaanza kupiga. Alikuwa amebisha mbele, mbele kumefungwa.

Mazomeo yakamwacha binti, yakapanda jukwaani. Yaliongezeka. Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya mwalimu wa udereva, ile iliyosikika hadi kwa wenye baiskeli.

Mzee aliacha kupiga. "Ya ngapi?" aliuliza.

"Ya nne!" ukumbi ukamjibu.

"Washenzi wakubwa ninyi," alisema Mzee Nyuzi. Akausogeza mkono kwenye shingo ya gitaa, akaurudisha, akausogeza tena kutafuta wimbo mwingine, nao wakangoja bila kofi hata moja mpaka akaupata.