Sabuni Chini ya Kuku

Kusoma prufu, ile nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapa, ni kazi ya watu wawili, asikudanganye mtu. Mmoja anasoma kwa sauti, na anasoma kila kitu mpaka mikato na nukta. Mwenzake anafuata kwenye karatasi na penseli nyekundu. Ndivyo Marseli alivyofundishwa kwenye kiwanda cha uchapaji Tanga, alikofikia baada ya kuacha shule njiani, kukata mkonge na kupikia wajenzi wa barabara. Na ndivyo alivyomfundisha Mwalimu Romana katika stoo ya parokia pale Babati, mwaka ule wa themanini na tatu, ambao hata kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kusimuliana.

"Shikamoo, Mzee Mkato!" Romana alikuwa akiingia na vumbi la njia ya Nangara miguuni.

"Marahaba, Mwalimu. Leo umechelewa."

"Nilikuwa foleni ya sukari, mkato, sukari ikaishia kwa mtu aliyekuwa mbele yangu, nukta."

Paroko alitaka kitabu kidogo cha kanuni za Kiingereza, kiwafae makarani, makatibu wa vyama vya ushirika, na yeyote anayeandika au kusahihisha maandishi ya wenzake. Darasa la jioni la watu wazima lingeanza nacho. Wakagawana: Marseli aandike kanuni, Romana atoe mifano. Kanuni Marseli alizijua kama mtu ajuavyo njia ya kwenda kisimani. Mifano Romana aliiokota popote alipopita, akaiweka katika Kiingereza safi kabisa. Penye kanuni ya mambo yaliyokwisha kutendeka, aliandika kwamba mama mkwe wake ameficha sabuni chini ya kuku anayeatamia. Penye kanuni ya kumiliki, kwamba gauni la bibi harusi lilikuwa pazia la shangazi yake. Penye mkato, kwamba lori limekuja, limejaa, limeondoka bila sisi.

Marseli alicheka mpaka akaweka penseli chini. Ndiyo, alicheka. Baadaye hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote.

"Lakini Mwalimu," alisema akijifuta macho, "hii si mifano ya kitabu."

"Ni ya nini?"

"Ya sokoni."

"Na watakaosoma wanatoka wapi? Ulaya?"

"Mgambo wakiisoma hii ya sabuni, mama mkwe wako atalala ndani. Wanakamata walanguzi siku hizi."

"Mgambo gani wa Babati anayesoma Kiingereza? Kama yupo mlete, atusaidie kufundisha!" Akacheka, kisha cheko likakatika. "Mzee, kanuni ni zako, sina neno. Ila mifano usiniguse. Maisha yangu yote nafundisha kwa vitabu vya watu wengine. Humu nataka kuwe na kitu changu."

"Sawa, mwanangu," Marseli alisema.

Alimaanisha. Mtu anaweza kumaanisha neno leo, na kesho akalipita kama halijui.

Romana akaitwa kijijini Mutuka kumuuguza baba yake. Stensili, zile karatasi za nta za kuchapia nakala, zilikuwa chache, zimepatikana Arusha kwa kubembeleza, na paroko alitaka kazi iishe kabla wino haujakauka. Marseli akaketi peke yake na taipureta. Kurasa za mwanzo alimwacha kuku na sabuni yake. Kisha yakamjia yale mavitabu mazito ya Tanga, aliyoyasahihisha kwa miaka na miaka, na hakuna hata kimoja chenye jina lake. Ndani yake mabwana walisahau miavuli kwenye treni, na mabibi walitembea bustanini. Hiki cha sasa kingekuwa chake. Akamwona mgeni fulani kutoka Arusha akikifungua, akikutana na kuku.

Penseli nyekundu ikaanza kutembea. Kuku akaondoka, akaja bwana na mwavuli. Pazia la shangazi likaondoka, ikaja bustani ya waridi. Lori likaondoka, na safari hii liliondoka kweli, akaja farasi wa jirani. Akarudi nyuma akazipiga upya hata zile kurasa za mwanzo. Alipofika kwenye jalada hakukuwa na sentensi ya Romana iliyobaki, kwa hiyo hakuona sababu ya kuliweka jina la mwalimu huyo. Kwa kanuni, alikuwa sahihi.

Romana aliporudi, alikisoma amesimama, mpaka ukurasa wa mwisho. Marseli alisubiri atukanwe. Alitamani hata atukanwe.

"Kitabu kisafi," Romana alisema, akakiweka mezani taratibu kama sahani ya mtu mwingine.

Kesho yake walikutana kanisani. "Shikamoo," alisema. Shikamoo tupu, haina Mkato nyuma yake. Ikawa hivyo mpaka masika yalipokwisha, akaomba uhamisho, akaenda kufundisha Dongobesh.

Darasa la jioni lilianza limejaa likabaki viti. Watu walinakili mwavuli wa bwana, wakapiga miayo, wakaenda kumwagilia bustani zao za mchicha. Vitabu vikarundikwa stooni. Karatasi nchini zilikuwa adimu, na wauza karanga walihitaji cha kufungia. Paroko akawagawia lundo zima, vitabu pamoja na rasimu zake.

Siku ya gulio Marseli alinunua karanga kwa Genoveva, mama mmoja wa kijiji cha Nakwa aliyewahi kukaa kiti cha mbele darasani. Alipokifungua kifurushi, akamkuta bwana na mwavuli wake, amelowa mafuta ya karanga.

"Unanifungia karanga kwa kitabu changu, Mama?"

"Samahani, mzee wangu. Hizi zilizochapwa ndizo nafungia. Hazina watu ninaowajua." Akainama chini ya meza, akatoa kurasa zilizoandikwa kwa mkono, zimeshonwa kwa uzi wa gunia. "Hizi hapana. Hizi nasoma wateja wakipungua. Hii ya sabuni chini ya kuku nimeielewa mwenyewe, sikumuuliza mtu! Nilicheka, jirani akadhani nimepata sukari."

Mwandiko wa Romana ulikuwa vilevile, wima na mnene. Juu yake, kila sentensi, mstari mwekundu.

"Niachie hizo," Marseli alisema. "Nikupe magazeti badala yake, mengi."

"Nijifunzie nini mimi, magazeti?" Genoveva akazivuta kifuani. "Umekuja vizuri. Nisikilize, niambie ninapokosea."

Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Marseli akamfuata kwa macho. Bila kujua, mdomo wake ukawa unanong'ona mkato, nukta, mkato. Genoveva akasimama penye mstari mwekundu.

"Hapa naona amesahihishwa. Na hapa. Kila mahali amekatwa. Alikosea nini huyu mwalimu aliyeandika?"

Mnunuzi alikuwa amekuja, anagonga meza kwa kidole. Genoveva hakumgeukia, alikuwa akimsubiri Marseli.

"Hakukosea," Marseli alisema.

"Hata hapa?"

"Hata hapo. Endelea kusoma, Mama."