Puti ya Mbao kwenye Dirisha la Chuma

Shemeji Horace, ndugu wa marehemu mume wangu, ni fundi wa mbao, na tunasali kanisa moja, kwa hiyo alipotaka kunitengenezea dirisha, mwanzoni nilimkatalia kwa upole. Dirisha la chumba cha mbele ni la chuma, la enzi za baba mkwe, na kutu ilikuwa imevimba hadi ikapasua kioo. Mama yangu hulala chini ya dirisha hilo. Hatembei tena, barabara ndiyo dunia yake. Nesi alisema wazi: baridi kali ikija kabla halijazibwa, mama ahamie chumba cha nyuma. Huko angetazama ukuta wa matofali mpaka Bwana amwite.

"Niachie mimi, Muriel," Horace akasema. "Dirisha ni dirisha."

Alikwangua kutu, akapaka rangi ya kuizuia. Hapo sina neno. Kisha akaleta kioo kipya na puti, ule udongo laini wa kushikizia kioo, lakini ya madirisha ya mbao.

"Shemeji, hiyo si ya chuma. Mbao hunywa mafuta yake, chuma hakinywi. Ndugu yako alikuwa akisema haikauki."

"Nimefunga madirisha wewe hujui hata kuvuka barabara. Itakauka. Wewe omba tu."

Nikaomba. Wiki zikapita, ukiibonyeza inabonyea kama siagi. Ndege wadogo wakayapenda yale mafuta, kila asubuhi wanaidonoa, ko ko ko, mama anacheka. Horace akawafukuza kwa kofia, halafu akaongeza puti ileile! Nilienda kuchuma kabichi nisije nikatenda dhambi ya ulimi.

Redio ikatangaza baridi ya kugandisha usiku ule. Kioo kilikuwa kimeteleza, upepo unapenya juu. Horace akaja tena na kopo lake.

Nikamzuia mlangoni. "Shemeji, weka kopo chini. Dirisha nalitengeneza mimi."

"Wewe? Utajikata vidole!"

"Horace," mama akaita kitandani, "kunywa chai, utupumzishe."

Nilikwangua uji ule wote, nikafuta chuma, nikakaza kioo kwa vibanio vyake, nikakandika puti ya chuma niliyonunua mwenyewe.

"Umepindisha," Horace akasema, biskuti mdomoni. Nikaendelea kulainisha kingo.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na Horace alikuwa keshakuja kusimama dirishani kuibonyeza puti yangu. Nesi akapitisha kiganja pembeni mwa kioo, taratibu, pande zote.

"Haya, bibi, utabaki hapahapa."

"Basi mwambieni Horace atoke hapo dirishani," mama akasema. "Ananizibia barabara."