Kifungo cha Ziada

Mama Sindano, fundi wa mavazi wa studio, alifanya kosa lake kwa upendo. Alitoa vifungo vya shati la Mdomo, akaweka vya kubonyeza, kisha juu yake akashona vile vya kawaida ili kamera isigundue kitu.

Mdomo ndiye mchekeshaji ambaye nchi nzima ilimjua. Miezi saba nyuma kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono ukalala, mdomo ukapinda. Wengine wangejifungia ndani. Yeye alirudi na tamthilia ya kuchekesha kuhusu msanii aliyepigwa kiharusi, akataka kuicheza mwenyewe. Wenye studio wakasita. Walimpa onyesho moja la majaribio: avae shati na kulifunga mwenyewe. Akishindwa, nafasi ataichukua mwigizaji mwenye mikono miwili mizima.

"Unaendeleaje, kaka?" Mama Sindano alimuuliza akimpa shati.

"Nusu imekufa, dada. Nusu nyingine imekuja kazini kuomba ruhusa ya msiba."

Kamera ikawashwa. Tak, tak, tak! Shati likafungwa kabla mtu hajameza mate.

"Safi sana, mzee!" alisema mwongozaji, binti wa umri wa mwanawe. "Tumepata. Nafasi ni yako."

Lakini hakuna aliyecheka. Mdomo akainamisha kichwa, akavuta shati, likaachia lote kwa mpigo.

"Nani kanisaidia?" Maneno yalitoka mazito, ila kila mtu aliyaelewa.

Mama Sindano alihisi masikio yakiwaka moto. "Ni mimi, kaka. Nilikuonea huruma."

"Miaka kumi na minane unanivika, leo ndiyo unanivua nguo! Huruma isubiri siku ya kunivika sanda, dada. Kuna shati jingine?"

Lilikuwepo, tena lenye vifungo vya kweli: kila vazi la kuigizia huwa na pacha wake, ikitokea la kwanza limechafuka.

"Mzee, nakusihi," mwongozaji alisema. "Tumeshapata. Ukirudia ukashindwa, sitaweza kukutetea."

"Nikishindwa, mwanangu, mpeni huyo mwenye mikono. Tena mumpe na hili shati la uongo."

Akaanza kutoka chini, kwa mkono wa kushoto. Kifungo kikateleza. Kikateleza tena. Jasho likamtoka. Mama Sindano aliikalia mikono yake isije ikamkimbilia.

"Wewe kifungo," Mdomo akakiambia, "nimeshikana mikono na marais. Wewe unaringa nini?"

Mpiga picha akajiuma midomo asicheke. Mdomo aliendelea, kwa kidole, kwa kucha, kwa meno ya upande mzima, kimoja baada ya kingine, hadi shingoni. Hapo akakwama: kifungo kilikuwepo, tundu halikuwepo. Alikuwa amekosea tangu cha kwanza.

Akaitazama kamera.

"Daktari aliniambia nitabaki na upungufu," alisema polepole. "Mbona nimebaki na ziada?"

Kicheko kilichopasuka kilimtoa mwongozaji machozi. "Nani atacheza hivi badala yako, mzee?" alisema alipopata pumzi. "Kesho saa mbili tunaendelea."

Mama Sindano alimwendea kulirekebisha shati, kama alivyozoea.

"Liache, dada," Mdomo akasema. "Nakwenda nalo nyumbani. Wifi yako naye acheke."

Mama Sindano akaiweka mikono nyuma, akamfungulia njia.