Lulu Juu ya Harage

Sikuzani alipokimbia kijiji chake cha Ruziba hakubeba sufuria wala godoro. Alibeba kopo la maziwa ya unga, na ndani yake makonzi mawili ya maharage ya mbegu. Waliokuwa naye njiani siku ile, milio ya bunduki ikiwa nyuma yao, walimwona bibi mzima amekumbatia kopo kama mtoto mchanga, wakadhani amebeba dhahabu. Mbegu ile aliachiwa na mama mkwe wake, marehemu Sijaona, na kwa Ruziba nzima ilikuwa ikiota katika shamba lake peke yake. Harage lenyewe ni jeupe kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lina madoa ya rangi ya damu ya mzee, na kitovu cheusi. Hata likiiva halipasuki. Shamba sasa lilikuwa kichaka, na mbegu yote iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya kopo lile.

Alifikia mjini, mtaa wa Buyenzi, kwa mwanawe Anouar, mpiga picha. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa studio, na pazia lake la buluu. Nyuma palikuwa na ua, jiko la makaa na mgomba mmoja. Jirani alikwishampa bibi kipande cha udongo kando ya mto Ntahangwa, kwa hiyo kilichobaki ni kungoja mvua za mwezi wa tisa, na kungoja alikujua vizuri. Kila asubuhi baada ya sala alifungua kopo, akayapitisha maharage vidoleni moja moja, akalifunga. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa, hata Saliha, mke wa Anouar.

"Mama, leo umekuta nini mule?" Saliha alimtania akipepea makaa. "Yamezaa?"

"Yako mazima."

"Mi naona tuyatie kitunguu tu, yapumzike. Yamekimbia vita, yamechoka."

"Tia ulimi wako kwanza, ndio murefu. Utatosha nyumba yote."

Saliha alicheka mpaka akakohoa moshi. Asilolijua ni kwamba miezi mingi sasa Sikuzani alikuwa hayaoni yale madoa. Aliona weupe tu, kama ukungu juu ya ziwa asubuhi. Vidole ndivyo vilivyomwambia kuwa mambo ni salama, naye akaviamini. Lakini kutamka kwa mdomo wake kuwa macho yamekwenda? Tayari alikuwa mkimbizi katika nyumba ya mwanawe. Akiwa kipofu pia, si mzigo juu ya mzigo? Akajikaza, akaendelea kuyapapasa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane Anouar alitoka uani na kamera yake ya Kirusi shingoni. Ilikuwa miaka ya embargo, nchi jirani zimefunga mipaka, na filamu zilikuwa adimu kuliko sukari. Watu walikuwa wakisubiri picha zao za vitambulisho, maana bila kitambulisho huvuki kizuizi cha askari, na ile filamu ilikuwa imebakiza picha moja tu ndipo aisafishe.

"Mama, kaa pale kwa mwanga. Imebaki moja, nikupige we."

"Mi? Sura yangu munaijua. Piga harage langu."

"Harage moja? Litatoka kama mavi ya panya."

"Basi we si mupiga picha."

Anouar alicheka, lakini neno lilimkaa. Akafungua lenzi, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia kwa mkono mdomoni mwa kamera. Mzee Massoudi, aliyemfundisha kazi, ndiye aliyemwonyesha ujanja ule zamani: lenzi ikigeuzwa, kilicho kidogo kinakuwa kikubwa. Sikuzani alichagua harage kwa kidole, akaliweka juu ya kipande cha gunia. Saliha alipewa sahani ya bati alirudishie jua. Anouar akalala kifudifudi katika vumbi.

"Mutu yeyote apana pumua."

"Hata Saliha?" bibi aliuliza.

"Huyo zaidi."

Kuku akapita, wakangoja. Upepo ukatikisa mgomba, wakangoja kivuli kitulie. Kisha kamera ikalia mara moja, basi.

Kesho yake Anouar alileta picha ingali na maji, kubwa kama daftari la shule lililofunguliwa. Sikuzani aliisogeza mpaka ikakaribia pua, na akaona. Harage moja lilikuwa limejaa karatasi nzima. Ngozi aliyoijua kuwa laini ilikuwa na mistari myembamba kama ya ncha ya kidole. Madoa yalikuwa na kingo za kuingia na kutoka, kama ufuko wa ziwa. Kitovu kilikuwa mdomo mdogo, na midomo yake yote miwili. Na juu ya doa moja jeusi palikuwa na chembe nne nyeupe, za mviringo, zinazong'aa.

"Wekundu wake uko wapi?"

"Filamu ni nyeusi na nyeupe, Mama."

"Haidhuru. Mashallah. Tazama hizi lulu. Miaka yote nalipanda, sikujua kama linavaa lulu."

Saliha akainama begani kwake kutazama. Kicheko alichokuja nacho kikamwisha.

"Mama," alisema polepole, "kwetu Gatumba hizi tunaziita mayai."

"Mayai ya nini?" Anouar aliuliza.

Sikuzani hakuhitaji jibu. Ni fukusi, yule mdudu wa maharage. Kila yai lina funza, na funza hutoboa akaingia ndani, akala mpaka harage likabaki ganda. Na yeye kila asubuhi alikuwa akisema mazima.

"Lete ungo," alisema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Na macho yako. Yangu hayaoni. Toka Ruziba hayaoni."

Hapo Saliha angeweza kutania, lakini hakutania. Alitandika mkeka, akaketi goti kwa goti na mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza akafungua lile kopo.

"Hili safi. Hili liko na mawili. Hili, Mama, limekwisha tobolewa."

Yaliyotobolewa yalitupwa makaani, yakalia. Mengine Sikuzani aliyapaka mawese kiganjani, moja moja, mpaka yakateleza, ili mayai yakose pumzi. Ndivyo Sijaona alivyomfundisha, na ndivyo yeye alivyoacha kufanya mwaka ule kwa kuviamini vidole. Adhuhuri ilipoadhiniwa, koponi lilikuwa limerudi konzi moja na nusu.

Picha ilitundikwa studio, kati ya bibi harusi na askari. Wateja walipouliza hii ni nini, Anouar aliwajibu, "Ni ukoo wa mama."

Mvua zilikuja, wakapanda. Siku ya nane wanawake wale wawili walikwenda mtoni, wameshikana mikono.

"Yameota?"

"Yameota, Mama. Pale pawili apana. Mengine yote yametoka."

"Inama zaidi. Kaa karibu kama ile lenzi, halafu sema."

Saliha akapiga magoti, kitenge chake kikaingia matopeni.

"Iko na manyoya. Madogo, meupe, kama ya shavu la mutoto. Na maji yamekaa juu yake, tone moja moja."

"Ehe."

"Shingo imejikunja. Bado imevaa kofia, ile ngozi ya harage. Madoa yanaonekana."

"Ya damu ya mzee?"

"Ya damu ya mzee."

Sikuzani aliligeuza kopo tupu juu chini, akalikalia.

"Haya, enda kwa lingine," alisema. "Apana haraka."