Kunguru na Asubuhi za Elkana

Mume wangu Elkana alikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kilikuwa nusu. Alikiokoa sokoni Sirari kwa mwanamke aliyekuwa akikichana kufungia karanga. Jalada lilishakwenda, jina la mwandishi lilishakwenda, na sura za mwisho zilishaondoka na wateja. Kilikuwa kitabu cha kunguru. Nikamwambia, wenzako wakienda Sirari wanarudi na mashuka, wewe unaniletea kunguru. Akacheka. Elkana alikuwa mtu wa kucheka, na ndiyo sababu nilikubali kumfuata kwenye vumbi la Nyakunguru, mimi Awino niliyezaliwa Turwa penye maji ya bomba.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Walikuja kutoka Serengeti, walikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, kila mmoja na sururu yake begani, na shamba lililokuwa la mahindi msimu mmoja lilikuwa mashimo msimu uliofuata. Elkana alichimba katika duara la Nashoni, Mkurya wa palepale. Duara ndivyo wachimbaji walivyoliita shimo la kushukia, ingawa la Nashoni lilikuwa na pembe nne kama kaburi. Mimi nilikaanga dagaa na kusonga ugali hatua chache kutoka mdomoni mwa shimo hilo, na kunguru weusi wenye kizibao cheupe walikuja kila alfajiri kugombania makombo yangu.

Jioni Elkana alinisomea. Hatukuwa na mtoto wa kutukatiza. Nalisema mwenyewe kabla hamjaliuliza, maana watu walikuwa hawachoki kuliuliza. Kitabu kilisema kunguru huficha chakula ardhini na kukirudia baada ya muda mrefu, kwa hiyo hata akiwa hapa, sehemu yake moja tayari inaishi siku ambayo haijafika. Binadamu, kilisema, hana siku ndani yake. Siku huiazima nje, kwa jua, kwa jogoo, kwa kengele ya shule. Ukimnyang'anya hivyo vyote, muda wake unarefuka na kufupika jinsi moyo unavyotaka.

"Kweli kabisa," Elkana alisema, akaniita binti wa Turwa kwa Kijaluo. "Kule chini hakuna saa, nyar Turwa. Tukiwa zamu ya usiku tunawasikia kunguru wako kwenye bomba la hewa, ndipo tunajua kumekucha."

Bomba hilo lilikuwa la plastiki, limeshuka kutoka juu hadi mwisho wa shimo ili walio chini wapate kupumua. Nilikuwa nalipita kila siku bila kulitazama.

Duara liliporomoka Jumatatu. Matimba, yale magogo yanayozuia kuta, yalikatika kwa kishindo kidogo tu, kidogo mno kwa jambo kubwa vile. Wenzake walikuwa wameshapanda. Elkana alikuwa amebaki nyuma kukusanya zana. Vumbi lilipotulia, bomba lilikuwa bado limesimama juu ya kifusi, limeinama upande. Nashoni alitega sikio akasikia kugonga. Tulipiga kelele, tukaita jina lake, tukanyamaza. Kugonga hakukubadilika, kama mtu asiyejua kwamba anajibiwa.

"Limebanwa mahali," Nashoni alisema. "Maneno hayafiki, shemeji. Yanamfikia mvumo tu. Labda sauti kali sana ndiyo ipenye."

Wakaanza kutoboa kutoka duara la jirani, taratibu, kwa kuogopa kuangusha na lililobaki. Kufikia Jumanne kugonga kulikuwa kumekoma.

Hapo ndipo nilipowafikiria kunguru. Nani ana sauti kali kuliko wao? Nilichukua vichwa vya dagaa nikavimwaga kuzunguka mdomo wa bomba, nao wakashuka wakapiga makelele ya kutosha kuamsha kijiji. Nikainama nikasema, haya, mume wangu, kumekucha. Nilitaka apate asubuhi tu. Nilitaka asiwe mtu asiye na siku.

Lakini sikuweza kukaa. Nilikwenda kuosha masufuria, nikayaacha na sabuni yake, nikarudi na dagaa. Nilikwenda kuchota maji, nikafika nusu ya njia, nikarudi na dagaa. Kitabu kilikuwa kimesema kunguru hasahau uso wa mtu, na kweli, walinijua. Nikijitokeza tu walianza kuita kutoka kwenye miti, asubuhi, saa sita, alasiri, hata kabla sijamwaga kitu. Siku zile mwanga ulikuwa mweupe na hauishi. Watu waliongea nami wakiwa mbali, ingawa walikuwa wamenishika mkono. Nilisimama kwenye jua nikihisi nipo chini naye, kisha nahisi yeye yupo juu nami, kisha kunguru wanaita na nashtuka nikiwa na sahani tupu. Sikulia. Niliona nikilia nitakuwa nimekubali.

Alhamisi akafika Oduol, kaka mkubwa wa Elkana, kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilimwamkia shikamoo akaitika kwa kusitasita, kama watu wa kule wasioizoea. Nyuma ya baiskeli yake kulikuwa na gunia, na sikuhitaji kulifungua. Alikuwa ameleta yago, lile tunda refu la mti mwegea, zito kama mtoto mchanga. Kwetu Wajaluo mtu akipotea na mwili wake usionekane, huzikwa yago badala yake, kwa heshima zote. Na mtu aliyezikiwa yago amekwisha. Hata akitokea kesho yake akiwa mzima, hawezi tena kuingia nyumbani kwake kama mtu.

"Shemeji, pole sana," Oduol alisema. "Lakini hii maneno lazima tuimalize. Huyu ni ndugu yangu, siwezi kumwacha azurure huko chini bila kaburi."

"Wanachimba, shemeji. Hawajamfikia."

"Hujaona hao ndege? Wanakaa hapo mchana kutwa. Unafikiri wamefuata nini, kama si maiti?"

Wachimbaji waliokuwa wanapumzika wakainua macho kwenye miti. Nikaona nyuso zao zinabadilika. Walikuwa wamechoka, kila mmoja ana shimo lake linalomngoja, na sasa walikuwa wamepewa sababu. Mmoja aliweka sururu chini.

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Hawajafuata maiti, wamenifuata mimi. Nawapa dagaa ili walie kwenye bomba, Elkana ajue kumekucha!"

Kisha mtu akacheka puani, na Oduol akanitazama kwa huruma ambayo ilinikera kuliko kucheka kule. Akamwambia Nashoni kwa sauti ya chini kwamba uchungu umenichanganya akili, kwamba haya ndiyo madhara ya mwanamke kusomewa vitabu. Nilikuwa radhi nimmwagie mafuta ya dagaa.

Nashoni alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Shemeji, ardhi ni yangu, lakini mume ni wako. Ukisema azikwe, tunaacha, maana hatuwezi kumchimba mtu aliyezikwa. Ukisema tuchimbe, tunachimba. Sema."

Kama alikuwa amekufa, nilikuwa nawahatarisha watu walio hai kwa ajili ya maiti, na kumnyima mume wangu mazishi. Kama alikuwa hai, neno langu moja lilikuwa linamuua. Niliogopa sana. Sikujua lolote, na kitabu hakikuwa na sura ya jambo hilo.

"Chimbeni," nikasema.

Nikaenda kuchukua dagaa.

Walitoboa Jumapili mchana. Walimtoa kwa kamba akiwa amefungwa kitambaa machoni kumkinga na jua, mwepesi mikononi mwao, midomo imepasuka. Alikuwa ameishi kwa maji yanayochuruzika ukutani. Oduol alipiga magoti akalia kwa sauti bila haya, na nikamsamehe hapohapo. Mimi nilimshika Elkana mikono. Akapandisha vidole vyake usoni kwangu, akanipapasa mashavu, pembe za macho, paji la uso, polepole, kama anayetafuta kitu.

"Awino," akasema. "Mbona hujazeeka?"

Watu wakacheka kwa furaha. Kisha akageuza kichwa huku na huku.

"Akinyi yuko wapi?"

"Akinyi gani?"

"Mtoto wetu," akasema.

Hakuna aliyecheka tena.

Hakuwa mwendawazimu. Baada ya uji wa siku kadhaa, akiwa amekaa nje nyuma ya nyumba, alinieleza mwenyewe kwa utulivu. Kila kunguru walipoita, alijua ni asubuhi nyingine. Asubuhi za kwanza alizihesabu, kisha zikawa nyingi mno. Baada ya hapo hakuwa tena ndani ya shimo. Alikuwa nyumbani. Alikwenda kazini akarudi, akanisomea, tukagombana, nikashika mimba. Msichana alizaliwa kunguru wakiita, kwa hiyo tulimwita Akinyi, mtoto wa asubuhi. Akaota meno. Akatembea. Wakati mwingine asubuhi moja ilikuja na mwaka mzima ndani yake. Akaanza shule, akachukia hesabu.

"Najua hayupo," alisema. "Usinitazame hivyo. Najua nilikuwa chini wiki moja tu, mmeniambia. Lakini nilimlea."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Miaka yote watu walinitazama tumbo wanapopita, na yeye akaenda akampata mtoto wetu peke yake, gizani, bila mimi! Nikainuka niondoke. Kisha nikaanza kufikiria zile safari zangu na sahani ya dagaa: mara nilipoacha masufuria, mara nilipofika nusu ya njia ya kisimani nikarudi. Nilijaribu kujumlisha zilikuwa ngapi, nikashindwa. Kila nilipomkumbuka kule juu, kulipambazuka kule chini. Sikuwa nimempa asubuhi moja kwa siku kama nilivyodhani. Nilikuwa nimempa kila nilichokuwa nacho, ovyo, bila kipimo, na yeye alikuwa amekitumia chote kumkuza binti.

Nikakaa tena.

"Alifanana na nani?"

Elkana akafikiri. "Sauti yangu. Hasira zako." Akatabasamu kidogo. "Asubuhi ya mwisho aligoma kuamka. Nilimwambia, kunguru wameshaita, utachelewa shule. Akajifunika shuka akasema, baba, wewe tangulia, mimi nakuja."

"Akaja?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri," Elkana alisema. "Nikamsikia anashuka kitandani. Ndipo Nashoni akatoboa ukuta."

Nikalia basi, mimi ambaye wiki nzima ile sikulia. Nilimlilia binti yangu niliyemwamsha kila siku bila kumjua, na mume wangu akanishika mabega akinibembeleza, yeye ambaye alikuwa amemzoea.